Ramani ya Zamani ya Bonde la Msimbazi, na Muhuri wa Karani

Katika ofisi za Serikali zimo karatasi nyingi zisizo na msomaji. Baadhi yake hazistahili kusomwa, kwani hazikuandikwa ili zisomwe bali ili zijaze faili. Lakini zimo nyingine ambazo kutosomwa kwake kumegharimu roho za watu, nasi twataka kusema habari ya karatasi moja ya namna hiyo, yaani ramani ya zamani ya Dar es Salaam yenye kipimo cha 1:50,000, na hasa sehemu yake ionyeshayo bonde la mto Msimbazi. Twawaandikia makarani wenzetu, maana karani ndiye atunzaye ramani, na karani ndiye apigaye muhuri, na kazi mbili hizi zimekaa katika meza mbili zisizosemezana.

Kwa ajili ya wanachama wetu wa mikoani wasioujua mto huu, yafaa tuseme kwamba Msimbazi si mto mkubwa. Watoka katika vilima vya Pugu, wateremka kama kilometa 35 hivi, wapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, wafika Jangwani penye Barabara ya Morogoro, kisha waingia baharini chini ya daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi mgeni auvukapo hushangaa kusikia unaitwa mto. Wakati wa masika hauulizwi tena jina lake.

Ramani za Wajerumani za nchi hii zilikuwa na kipimo cha 1:300,000, yaani milimita moja juu ya karatasi ilisimama badala ya mita 300 za nchi. Katika ramani ya namna hiyo bonde la Msimbazi ni unywele tu, wala hakuna awezaye kulaumiwa kwa kutouona. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka wa 1946, ilianzishwa huko Uingereza idara ya kupima makoloni, na idara hiyo ikatumia picha zilizopigwa kutoka katika ndege kuchora ramani za nchi nyingi za Afrika, na Tanganyika miongoni mwao. Ndipo tulipopata ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo ndani yake sentimita mbili ni kilometa moja. Hapo bonde laonekana waziwazi, na mtu aliyefundishwa kusoma ramani darasani hawezi kusema hakuliona.

Naye husomaje? Atazama mistari ya kahawia iliyochorwa kufuata mwinuko wa nchi. Mistari ikisongamana, pana mteremko. Ikiachana, pana uwanda. Upande wa Upanga na Ilala mistari yafuata ukingo wa nchi ya juu. Upande wa Magomeni vivyo hivyo. Na katikati yao, pale Jangwani, yapishana kabisa na kuacha nafasi ya mamia ya mita isiyo na mwinuko wowote. Katika nafasi hiyo mchoraji hutia alama za kinamasi, na karibu na bahari alama za mikoko. Mchoraji hakusema kwamba mtu asijenge, kwa kuwa ramani haina amri ndani yake. Alisema tu kwamba hapa pana maji, hata ukiyakosa siku uliyokuja.

Na kama mtu hajui alama, na asome majina. Jangwani, Mchikichini, Mkwajuni, Mabibo: haya hayakutungwa na mchoraji aliyekaa Uingereza, bali yalitoka vinywani mwa wenyeji. Atajaye jangwa katikati ya mji wa pwani ataja mahali palipokuwa peupe, pasipo nyumba wala mnazi. Sisi twaona kwamba jina ni ramani ya kwanza, nayo haihitaji karatasi.

Sasa tutazame ukuaji wa mji. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 iliwakuta Dar es Salaam watu 69,227. Ya mwaka wa 1957 iliwakuta 128,742. Ya mwaka wa 2012 iliwakuta katika mkoa mzima 4,364,541, na ya mwaka wa 2022 watu 5,383,728. Akichukua ramani za vipindi mbalimbali akazipanga juu ya meza moja, mtu ataona jambo ambalo tarakimu hizi haziwezi kumwonyesha. Ataona kwamba mji haukukua kama maji yanayomwagika sakafuni, kila upande sawasawa. Mji ulifuata migongo ya nchi. Nyumba zilikwenda kwanza na Barabara ya Morogoro na barabara ya Pugu, juu, penye ukavu. Magomeni ikapimwa, Temeke ikapimwa. Minazi na mikorosho ikapungua mwaka hata mwaka. Mabonde yalibaki yakawa kama nafasi kati ya vidole vya mkono. Kisha, migongo ilipokwisha kujaa, na bei za viwanja vya juu zilipomshinda mtu wa mshahara mdogo, ndipo nyumba ziliposhuka bondeni. Bonde halikuwa chaguo la kwanza la mtu ye yote. Lilikuwa chaguo lililobaki.

Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, kwani husemwa mara nyingi, hata na watu wenye elimu, kwamba wakazi wa mabondeni ni wakaidi wasiosikia. Wengine huwatajia ule mfano wa mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Sisi hatupendi mfano huo utumike hapa. Yule wa mfano hakuuziwa mchanga kwa hati yenye muhuri, wala hatusomi kwamba alidaiwa kodi ya jengo.

Yafaa pia kusema kwamba bonde halikuachwa wazi kwa sababu ya hekima tupu. Serikali ya kikoloni ilipenda nafasi wazi kwa sababu zake. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili mtaa wa Waafrika utengwe na mtaa wa biashara, na jambo hilo halikufichwa. Mpango wa mji wa mwaka wa 1949, uliofanywa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliwapangia watu makao kwa wingi wa nyumba katika eneo, na sote twajua nani alipewa eneo la nyumba chache na nani la nyumba nyingi. Katika mji wa namna hiyo bonde pana lilikuwa mpaka uliotengenezwa na Mungu na kutumiwa na wanadamu. Basi uhuru ulipokuja, mtu aliyeona nafasi wazi alikuwa na haki ya kudhani kwamba ni katika zile nafasi za ubaguzi, ambazo wakati wake umekwisha. Hakuna aliyemweleza ipi iliachwa kwa ajili ya rangi ya watu na ipi kwa ajili ya maji. Ramani ya mji haikuonyesha tofauti hiyo. Ramani ya mwinuko iliionyesha, lakini ilikuwa ndani ya mtoto wa meza.

Na hata Serikali na Halmashauri, zilipoona nafasi nyeupe juu ya karatasi, ziliisoma kama mahali pa kuweka kitu. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 1988 wakashinda, na Halmashauri ya Jiji ikakatazwa kutupa taka kwao. Hatimaye taka zikapelekwa Vingunguti, kando ya mto huu huu. Tena karibuni, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka wa 2016, karakana na maegesho yake yalikuwa yamejengwa Jangwani, pale pale penye mistari iliyoachana. Maji yakaingia, yakatoka, yakaingia tena. Hapana aliyewaita wahandisi wale wakaidi.

Twaja sasa katika jambo ambalo hasa limetufanya tushike kalamu, nalo ni mita sitini. Kila karani wa ardhi ajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999 yaihesabu nchi hiyo katika ardhi ya hatari. Ni sheria njema. Lakini mita 60 katika ramani ya 1:50,000 ni milimita moja na nusu robo hivi, yaani upana wa mstari wa penseli butu. Kinamasi cha Jangwani ni kipana mara nyingi kuliko mstari huo. Maji ya Msimbazi hayajasoma sheria. Yafuata nchi ilivyolala, na nchi imelala kama mistari ya kahawia isemavyo. Tena ukingo wenyewe u wapi? Mto huu umekula kingo zake sehemu za juu kwa sababu ya wachimba mchanga na maji yatokayo katika mabati ya nyumba nyingi, na sehemu za chini umejaza mchanga hata mkondo ukahama. Mtu aliyejenga mbali na ukingo aweza kulala nje ya mita sitini akaamka ndani yake, asiwe amehamisha hata tofali moja.

Na hapa twashangaa. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi, mahali pale pale itajapo mita 60, yataja pia mikoko na ardhi yenye majimaji kuwa ardhi ya hatari. Ina maneno mawili, basi, wala si moja. Ofisi zetu zimelishika moja na kuliacha jingine, kwa sababu moja lapimika kwa kamba ya kupimia na jingine lahitaji mtu afungue ramani. Kamba haibishani na mtu. Ramani yataka akili, na pengine yataka ujasiri, kwa kuwa ikifunguliwa itaonyesha majengo ya wakubwa pamoja na vibanda vya wadogo.

Twamjua mzee mmoja aliyekuwa tarishi katika ofisi moja, miaka mingi akibeba barua za watu kutoka meza hii hata meza ile. Alipostaafu alinunua kiwanja karibu na bonde, akajenga vyumba vitatu. Alikuwa mtu wa ofisi, kwa hiyo alitunza karatasi zake: hati ya mauziano yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa Serikali ya Mtaa, stakabadhi za kodi ya jengo, ankara za umeme, ankara za maji. Nyumba yake ilipotiwa alama ya X nyekundu alikuja nazo zote katika bahasha ya kaki, akazipanga kwa tarehe, kama alivyozoea kuona makarani wakifanya. Akauliza neno moja tu: ikiwa Serikali ilijua kwamba hapa ni njia ya maji, mbona ilipokea fedha yangu kila mwaka? Twalitazama swali hilo kwa miaka kadhaa sasa, wala hatujaona jibu ambalo karani mwaminifu aweza kulitoa huku akimtazama mzee usoni. Katika ramani, mahali pa nyumba yake pana alama tatu za kinamasi. Hakuonyeshwa kamwe. Wala aliyepiga muhuri hakuonyeshwa.

Mambo yaliyofuata katika bonde lile kila mtu ameyasikia. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ilinyesha siku chache tu, na watu zaidi ya 40 wakafa Dar es Salaam. Waliookoka walipelekwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini, na baadhi yao wakarudi bondeni kwa sababu kazi zao zilikuwa mjini na nauli haikuwa bondeni wala Mabwepande, ilikuwa mfukoni mwao. Desemba 2015 tingatinga zikaingia, na nyumba nyingi zikavunjwa bila fidia. Masika ya mwaka wa 2018 mafuriko makubwa yakaja tena. Mwaka wa 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, ili mkondo uchimbwe, daraja la Jangwani liinuliwe, na watu wahamishwe kwa kulipwa fidia. Twafurahi kuona neno fidia limerudi. Walakini twahesabu kimoyomoyo gharama ya kukarabati kitu ambacho karatasi moja ilikuwa imekieleza zamani, na karatasi hiyo ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Wako watakaotujibu kwamba ramani ya zamani si ya kutegemewa, kwa kuwa nchi imebadilika. Twakubali nusu ya neno hilo. Kitako cha bonde pale Jangwani kimeinuka kwa mchanga, na anayetumia vimo vya ramani ya zamani kupanga mfereji wa leo atakosea. Vijana wa vyuo vikuu waliofanya kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka wa 2015, walitembea mitaani pamoja na wenyeji wakachora mifereji na mahali maji yafikapo, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ni njema sana, nayo yaonyesha mambo ambayo ndege haikuweza kuyaona. Lakini ramani mpya yaonyesha mji uliokwisha kulifunika bonde. Ukitaka kujua bonde lilikuwa na umbo gani kabla ya paa la kwanza, huna shahidi mwingine ila ile ya zamani. Shahidi hakataliwi kwa sababu ya uzee wake. Aulizwa yale aliyoyaona, basi.

Wengine watasema, nasi tumeyasikia maneno haya katika korido, kwamba ukiitundika ramani ile hadharani utaua bei za viwanja na kuleta ugomvi. Bei itakayokufa kwa kuonekana kwa ramani ilikuwa bei ya kutoonekana kwake. Na ugomvi upo tayari, ila waja umechelewa, wakati mmoja ana tingatinga na mwingine ana bahasha ya kaki. Heri ugomvi wa mezani kabla ya kununua. Wako pia wanaodhani kwamba ramani ni siri ya Serikali. Ramani hizi huuzwa kwa umma. Siri yake ni kwamba hakuna aendaye kuzinunua, kwani mtu hawezi kuuliza kitu asichojua kuwa kipo.

Hofu yetu ni nyingine. Twachelea kwamba ramani hii ikifufuliwa itafufuliwa upande mmoja tu, kama fimbo. Afisa atasimama mbele ya watu akainyosha karatasi, aseme: tazameni, tangu zamani hapa palikuwa kinamasi, nyinyi mlivamia. Atakuwa amesema kweli nusu. Nusu ya pili imeandikwa katika pembe ya chini ya karatasi hiyo hiyo, ambako pana mwaka ilipochapwa na jina la idara iliyoitoa. Idara ni ya Serikali. Basi kuanzia mwaka ule Serikali ilikuwa na habari, na kila muhuri uliopigwa baada yake ulipigwa na ofisi yenye habari. Mwananchi aweza kusema hakujua. Ofisi haiwezi. Ramani ikiletwa barazani kumshitaki mjenzi, na iwe ushahidi pia juu ya aliyepokea kodi, na fidia ihesabiwe kwa kutazama pande zote mbili.

Bonde hili ni mfano tu, tena limekwisha kupata mkopo na wataalamu. Miji yetu mingine ina mabonde yake, nayo inakua kama Dar es Salaam ilivyokua: migongo kwanza, mabonde baadaye. Makarani wa Morogoro, Mbeya na Mwanza watazame nje ya madirisha yao. Pale ambapo vitongoji havijashuka bado, karatasi moja iliyofunguliwa leo yaweza kufanya kazi ambayo kesho haitafanywa na tingatinga mia.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya matawi. Kwanza, chama kiombe kwamba nakala ya ramani ya mwinuko ya kila mji, ile ya zamani iliyopo, itundikwe katika kila ofisi ya kata na ya mtaa, ikuzwe kiasi cha mtu kuona kiwanja chake, na ufunguo wa alama uandikwe kwa Kiswahili. Pili, karani asipige muhuri juu ya hati ya mauziano kabla mnunuzi hajaonyeshwa kwa kidole mahali anaponunua, na neno hilo liandikwe katika hati, pamoja na jina la karani aliyeonyesha. Twajua sharti hili la mwisho halitapendwa na wengi wetu. Tatu, makarani wa mitaa wafundishwe kusoma mistari ya mwinuko. Ni kazi ya siku mbili. Walio wengi walikwisha kuifanya shuleni katika somo la jiografia, wakaisahau siku ya pili ya mtihani.

Matawi yajadili shauri hili katika vikao vya mwezi ujao, na majibu, ya kukubali au ya kukataa pamoja na sababu zake, yapelekwe kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu. Tawi lililo na mtu ajuaye kukuza ramani kwa mkono, kwa mistari ya miraba, na litaje jina lake, maana mashine ya kunakili ya ofisi kuu haichukui karatasi ya ukubwa ule.